RIBA HAIJALI MVUA
Maoni yetu kuhusu benki ya Kiislamu na ardhi ya Karatu na Ngorongoro



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wanafunzi, wazazi wetu na walimu wetu watukufu. Mwaka huu katika darasa la fiqhi tulisoma mlango wa biashara. Tulipofika kwenye riba, mwalimu aliuliza swali jepesi: nani kati yenu nyumbani kwao hakuna deni la riba? Mikono iliyonyanyuliwa ilikuwa michache. Waliobaki tulitazama chini. Wengi wetu ni watoto wa wakulima na wafugaji wa Mang'ola, Endabash, Oldeani, Rhotia, na wengine wametoka juu Ngorongoro. Ada zetu za madrasa hulipwa vitunguu vikiuzwa, mbaazi zikivunwa au ng'ombe akipelekwa mnadani. Kwa hiyo tukisoma kwamba riba ni haramu, hatusomi habari za watu wa mbali. Tunasoma habari za baba zetu.

Swali lile ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Siku hizi kila mahali panatajwa uchumi wa kijani, yaani kutafuta riziki bila kuharibu maji, udongo, misitu na hewa. Wakati huo huo benki za Kiislamu zimefika nchini kwetu. Tunataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili: benki haiwi ya Kiislamu kwa kufuta neno riba kwenye karatasi, bali kwa kukubali kubeba hasara pamoja na yule inayempa mtaji. Na benki inayobeba hasara pamoja na mkulima ndiyo itakayoona haja ya kuulizia chemchemi yake, udongo wake na malisho yake.

RIBA INAVYOKULA ARDHI

Tuanze na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Bonde la Ziwa Eyasi ni kavu. Kilimo cha kule kinaishi kwa maji ya chemchemi za Qangded, maji ambayo asili yake ni miteremko ya Oldeani na nyanda za juu za Ngorongoro. Mkulima anahitaji mbegu, mbolea, dawa, vibarua na mafuta ya pampu kabla hajaona hata kitunguu kimoja. Hana fedha hizo, basi anakopa. Tuseme, kwa mfano tu, amekopa shilingi 1,000,000 na atarudisha 1,300,000 baada ya kuvuna.

Sasa bei ikishuka, deni halishuki. Ugonjwa ukiingia shambani, deni haliugui. Maji yakipungua mferejini, deni halipungui. Riba haijali mvua, haijali soko, haijali mmea. Mwenye kukopesha amekaa kivulini akihesabu miezi, na hatari yote ameachiwa mtu mmoja aliyesimama kwenye tope.

Je, mtu aliyebanwa namna hiyo hufanya nini? Tumeona kwa macho yetu. Atafungulia maji usiku ambao si zamu yake, kwa sababu mwenye kumdai hatapokea udhuru wa zamu. Atakata migunga achome mkaa apate fedha ya haraka. Atarudia kupanda jaruba lile lile bila kulipumzisha. Huku juu Rhotia na Mbulumbulu atalima mteremko mpaka kwenye ukingo wa korongo, na mvua ya masika ikija udongo unaondoka. Hatusemi kwamba kila korongo limechimbwa na riba. Watu wameongezeka, na mvua zimebadilika. Lakini ni kweli pia kwamba madeni mengi, mwishowe, hulipwa na udongo.

Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratur Ruum, aya ya 41, kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Na katika Suratul Baqarah, aya ya 275, amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Kisha katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika shida apewe muda mpaka apate wasaa. Tuzitazame aya hizi kwa pamoja. Mkulima mwenye kupewa muda ukame unapokuja hana sababu ya kukata mti wa mwisho. Kwa hiyo hukumu ya riba inamlinda mdaiwa, na ndani yake ardhi pia imepata ulinzi.

BENKI ZETU ZILIKOTOKA

Huenda mdogo wetu wa darasa la chini akadhani kwamba benki ya Kiislamu ni jambo la majumba marefu ya nchi za Ghuba. La. Moja ya benki za mwanzo za aina hii katika zama zetu ilifunguliwa mwaka 1963 katika mji mdogo wa Mit Ghamr, kwenye bonde la Mto Nile nchini Misri, na Dokta Ahmad al-Najjar. Wateja wake walikuwa wakulima na watu wa kipato kidogo. Benki ile haikudumu, lakini ilionyesha njia. Benki kubwa za Ghuba, kama ile ya Dubai ya mwaka 1975, zilikuja baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki, wenzetu wa Kenya walitangulia mwaka 2008 kwa Gulf African Bank na First Community Bank. Hapa Tanzania, NBC ilifungua huduma ya Kiislamu mwaka 2010. Mwaka 2011 Benki ya Watu wa Zanzibar ikafuata, na Novemba ya mwaka huo huo ikaanza kazi Amana Bank, benki ya kwanza nchini kufuata sharia katika shughuli zake zote. Mwaka 2021 CRDB nayo ilizindua huduma yake ya Al Barakah. Alhamdulillah, tumepiga hatua. Babu zetu waliotaka kukimbia riba walikuwa na njia moja tu, kuficha fedha chini ya godoro.

Lakini tuseme ukweli, kwa sababu kusema ukweli ni sehemu ya nasaha. Sehemu kubwa ya kazi ya benki za Kiislamu duniani ni murabaha: benki inanunua gari au bidhaa, kisha inakuuzia kwa faida unayoijua, ukilipa kidogo kidogo. Murabaha ni halali ikitimiza masharti yake, na hatuna haki ya kuiharamisha. Hata hivyo, kwa mkulima wetu murabaha pekee haitoshi. Akinunuliwa mbolea kwa murabaha na mvua isinyeshe, anadaiwa kiasi kile kile. Deni lake ni la halali, na hilo si jambo dogo, lakini hatari yote bado iko mgongoni mwake peke yake. Fiqhi yetu ina milango mingine ambayo imefunguliwa nusu tu, nayo ndiyo tunayotaka kuitaja.

SALAM NA LUMBESA

Mlango wa kwanza ni salam. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuyapokea. Hakuwakataza. Aliwaamrisha tu kwamba anayelipa mbele alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana.

Tazameni hekima iliyomo. Badala ya kumkopesha mkulima shilingi 1,000,000, benki inanunua kwake magunia 20 ya vitunguu, kila gunia kilo 100, ya daraja lililotajwa, kwa shilingi 50,000 gunia. Fedha inalipwa yote siku ya mkataba, na vitunguu vitapokelewa baada ya miezi iliyotajwa. (Hizi pia ni tarakimu za mfano tu.) Wakati wa mavuno gunia likiwa 70,000, benki imepata faida. Likiwa 40,000, benki imekula hasara, na mkulima hadaiwi zaidi ya magunia yake 20. Hatari ya bei imehama kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, ambaye ana maghala, magari na simu za Nairobi na Dar es Salaam.

Sasa hapa ndipo lumbesa inapoumbuka. Sote tunaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi yetu inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilisema hilo mara kwa mara. Lakini kabla ya Wakala wa Vipimo, Mtume wetu (S.A.W.) aliagiza kipimo kinachojulikana. Mkataba wa salam hausimami na lumbesa. Benki ikija na salam, lazima ije na mizani.

Wanavyuoni wameweka masharti mengine ambayo mwanafunzi hana budi kuyajua. Mauzo yawe ya vitunguu kwa sifa zake, si vitunguu vya jaruba fulani, kwa sababu jaruba hilo laweza kukosa mazao. Bidhaa iwe ya kawaida kupatikana sokoni wakati wa kukabidhi. Mkulima akishindwa kukabidhi, mnunuzi ana hiari ya kusubiri au kurudishiwa mtaji wake bila nyongeza. Wala tusidhani haya ni ya vitabuni tu. Nchini Sudan, benki za kilimo zimetumia salam kwa miaka mingi, na huko waliongeza sharti la kuondoa dhuluma: bei ya soko ikitofautiana na ya mkataba kwa zaidi ya theluthi, pande mbili hurekebishana.

Salam, kama tulivyoona, hubeba hatari ya bei. Hatari ya mazao yenyewe hubebwa na ushirika. Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa Khaybar ardhi wailime kwa nusu ya mavuno. Mavuno yakiwa mengi wote wananeemeka, yakiwa machache wote wanapungukiwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana maneno na masharti kuhusu muzaraa, basi tuwaulize walimu kabla ya kuingia. Jambo la msingi ni kwamba mwenye mtaji naye ana cha kupoteza, na kwa hiyo atauliza maswali ambayo mwenye kukopesha kwa riba hayaulizi. Shamba hili lina kinga ya mmomonyoko? Maji yatatosha mpaka mwisho wa msimu? Miti ya kwenye chemchemi ipo bado?

IJARA NA PAMPU YA JUA

Mlango wa pili ni ijara, yaani ukodishaji. Mafuta ya pampu yanakula faida ya mkulima, na moshi wake si jambo zuri kwa hewa. Pampu ya nguvu za jua haihitaji mafuta, lakini bei ya kuinunua ni kubwa kwa mtu mmoja. Katika ijara benki inanunua pampu, inabaki mmiliki, na kikundi cha wakulima kinalipa kodi. Pampu ikiharibika bila uzembe wa wakulima, hasara ni ya mwenye mali, na kodi inasimama. Hiyo ndiyo tofauti yake na mkopo, ambao unalipwa hata kama pampu imeshakuwa chuma chakavu.

Hata hivyo tuwe makini. Uchumi wa kijani haumaanishi kununua vifaa vipya tu. Bei ya mafuta, pamoja na uchungu wake, ilikuwa kama breki: mkulima alizima pampu kwa sababu alihurumia mfuko wake. Jua halina bei. Tukifunga pampu za jua kando ya mifereji bila utaratibu, tutayavuta maji mchana kutwa na wa chini hatapata kitu. Tutakuwa tumemaliza chemchemi kwa kifaa cha kijani!

Dini yetu imeshatufundisha dawa yake. Kuhusu maji ya bonde la Mahzur huko Madina, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wa juu ayazuie mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha awaachie wa chini. Hii ndiyo zamu, ndugu zetu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mkataba wa ijara ya pampu uandikwe pamoja na jumuiya ya watumia maji, na saa za kusukuma ziwemo ndani ya mkataba. Benki iliyo mmiliki wa pampu ina uwezo wa kulisimamia hilo, maana chemchemi ikikauka pampu yake haina mpangaji.

MALISHO YA NGORONGORO

Sasa tupande kilima mpaka kwa ndugu zetu wafugaji. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi katika ardhi moja. Ina kilomita za mraba 8,292, na tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kulima humo kumekatazwa, hivyo mali ya mfugaji ni mifugo yake. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera wilayani Handeni, na mjadala wa kuhama huko umekuwa mkali ndani na nje ya nchi. Anayebaki na anayehama wote wana swali moja: mtu aliyetegemea ng'ombe pekee atapata wapi mtaji?

Benki za kawaida zinataka dhamana, na dhamana wanayoipenda ni hati ya ardhi. Mfugaji wa ndani ya hifadhi hana hati ya kuweka mezani. Lakini mudharaba inasimama juu ya uaminifu na kazi: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi na ujuzi, faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana. Mtaji ukipotea bila uzembe, mwenye mtaji amepoteza mali na mwenye kazi amepoteza jasho lake. Benki ikiingia kwenye unenepeshaji wa mifugo kwa njia hii, ukame utakuwa ukame wake pia. Haitafurahia kundi kubwa lililokonda. Itataka kundi linalotosha malisho, lililochanjwa na kuuzwa kwa wakati. Mfugaji mwenye busara anayataka hayo hayo.

Kuna kisa katika Sahih Bukhari ambacho kila mwenye kuzungumzia hifadhi na mifugo angefaa akijue. Sayyidna Umar (R.A.) aliweka eneo la malisho lililohifadhiwa, ambalo kwa Kiarabu huitwa hima, akamweka mtumishi wake Hunayy kulisimamia. Alimuusia aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na asiwaingize wanyama wa Abdurrahman bin Awf na wa Uthman bin Affan. Kwa nini? Kwa sababu matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini masikini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake akilia mlangoni kwa khalifa.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, kuhifadhi ni jambo la sharia, wala si mambo ya kuletwa na wageni tu. La pili, hifadhi ya haki humwangalia mnyonge kwanza. Uchumi wa kijani utakaomtajirisha mwenye hoteli na kumwacha mchungaji akilia si ule aliotuonyesha Umar.

HATIFUNGANI ZA KIJANI NA SUKUK

Yaliyotangulia ni ya kijijini. Miradi mikubwa nayo inahitaji fedha kubwa. Mwaka 2023 CRDB ilitoa hatifungani ya kijani, ikitafuta shilingi bilioni 40, na wananchi wakaleta zaidi ya bilioni 170. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Makusudio ni mazuri, na Watanzania wameonyesha kwamba fedha wanazo. Lakini hatifungani hizi hulipa riba, na Muislamu mwenye kuchunga dini yake hubaki nje akitazama jambo jema linafanyika bila yeye.

Njia ya halali ipo, nayo ni sukuk. Mwenye sukuk hamkopeshi mtu. Anamiliki sehemu ya mali au mradi na kupata sehemu ya mapato yake. Malaysia ilitoa sukuk ya kwanza ya kijani mwaka 2017 kwa ajili ya umeme wa jua, na Serikali ya Indonesia ikafuata mwaka 2018. Kwetu, KCB Bank Tanzania ilitoa Fursa Sukuk mwaka 2022, na Zanzibar nayo ilitoa sukuk ya serikali mwaka 2025. Hatua inayofuata ni kuziunganisha njia mbili hizi: sukuk ambayo mali yake ni mtambo wa maji, msitu wa kupandwa au umeme wa jua. Mradi wa maji wa mji kama Karatu, mji unaokua kwa utalii na unaotegemea maji ya nyanda za juu, ungefaa kabisa.

Jirani zetu pia wametufundisha jambo. Katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011, na kwa kushirikiana na Carbon Tanzania wanapata mapato ya hewa ukaa kwa kuilinda misitu isikatwe. Mwaka 2019 kazi yao ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kama haki ya hewa ukaa ni mali inayouzika kisharia, hilo tunawaachia wanavyuoni. Tunachosema ni kwamba mti uliosimama umeleta riziki, jambo ambalo wengi wetu tulidhani haliwezekani mpaka ukatwe.

LAWAMA NI YETU PIA

Ndugu msomaji, ni rahisi kuzilaumu benki. Sasa tujitazame wenyewe. Benki haina fedha yake. Ina amana zetu. Tunapoweka fedha katika akaunti ya mudharaba tumekubali, kwa mujibu wa sharia, kwamba ikitokea hasara isiyo ya uzembe tutaibeba. Je, tunakubali kweli? Tunataka benki ibebe hasara ya mkulima wa Mang'ola, lakini mwisho wa mwaka tunataka faida sawa na wale wanaokula riba, wala isipungue senti. Kama ndivyo, tunaitaka benki ifanye kwa jina la Uislamu kile ambacho wengine wanafanya bila jina hilo. Benki inayoogopa wateja wake itakimbilia murabaha ya magari mjini, nayo itakuwa imetujibu kwa kadiri ya tulivyoiuliza.

Na mkulima naye ana amana. Ushirika unakufa kwa uongo. Mkulima anayepokea fedha ya salam kisha bei ikipanda akauza vitunguu usiku kwa dalali mwingine, ameifungia njia wilaya nzima. Mfugaji anayesema ng'ombe amekufa kumbe amemuuza mnadani, vivyo hivyo. Mkopeshaji wa riba anaweza kuishi na watu asiowaamini, kwa sababu ameshika hati zao. Mwenye ushirika hawezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya benki ya Kiislamu inaanzia hapa madrasani, katika kufundishana ukweli na kuweka hesabu.

TUANZE NA JIKO LETU

Tukimaliza makala hapa tutakuwa tumesema sana na kutenda kidogo. Basi tunapendekeza mambo matatu kwa uongozi wa madrasa, kwa wazazi na kwa wanafunzi wenzetu.

(a) Jiko letu. Bado tunapika kwa kuni, na kila gogo linaloingia jikoni limetoka kwenye mti ambao ungeshika maji ya chemchemi zetu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na sisi idadi yetu inakaribia hapo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Tusingoje msaada. Kamati iende benki yenye huduma ya Kiislamu iombe majiko ya gesi au mtambo wa samadi kwa ijara, na wazazi wachangie kodi yake. Dada zetu wanaopika watapumua, na sisi tutakuwa tumeufanyia kazi mkataba mmoja wa kisharia tangu mwanzo mpaka mwisho.

(b) Wazazi wa Mang'ola. Wajikusanye katika kikundi kilichoandikishwa, wanunue mizani yao wenyewe, kisha waende benki na ombi la salam. Benki nyingi haziji kijijini kwa sababu hazijui zitazungumza na nani. Mkulima mmoja mmoja ni vigumu kusikilizwa, lakini kikundi chenye daftari na mizani kitasikilizwa.

(c) Sisi wanafunzi. Mlango wa biashara usisomwe kwa ajili ya mtihani peke yake. Tujifunze kuandika mkataba wa salam, ijara na mudharaba kwa Kiswahili ambacho baba mkulima atakielewa akisomewa mara moja. Mwaka kesho, inshaallah, likizo ikifika, kila mmoja wetu ampelekee mzazi wake mfano wa mkataba mmoja. Yule mwalimu akiuliza tena swali lake, mikono itaongezeka.

HITIMISHO

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Anayepanda mche saa ile hangoji faida ya miezi minne. Ameweka amana kwa Mola wake na amekubali hatari yote. Hatumtaki mwenye benki awe na imani ya kupanda mti siku ya Kiyama. Tunamtaka asogee hatua chache tu kutoka kivulini, aje asimame na mkulima kwenye tope, waitazame mvua pamoja.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuepushe na riba na vumbi lake, azibariki chemchemi zetu, malisho yetu na mashamba yetu, na awape wazazi wetu riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiiq.